Dirisha la Wakoma wa Orlingcombe

Bi Thirza Gammage alikuwa amelifagia kanisa la Mtakatifu Aldhelm miaka ishirini na sita, na muda wote huo hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kanisa hilo lilikuwa na makosa. Popo walikuwamo, hilo hakulikataa. Sakafu ya upande wa mimbari ilikuwa imebonyea hata ungedhani kasisi anahubiri akiwa ndani ya mtumbwi. Lakini makosa? Basi asubuhi moja ya Machi akaja Bwana Peregrine Stallard kutoka London, kofia ndefu kichwani na rula ya kukunja mkononi, akasimama mlangoni, akatazama juu, akatazama chini, kisha akafumba macho kama mtu aliyeonjeshwa maziwa yaliyochacha.

"Maskini kanisa," alisema. "Wamelifanyia nini?"

"Kina nani, bwana?" Bi Thirza aliuliza huku ameegemea ufagio.

"Watu wote, mama. Kwa miaka mia tano."

Bwana Stallard alikuwa msanifu wa majengo, na miaka ile wasanifu walikuwa wameiingia England kama surua inavyoingia darasani. Huwezi kutembea toka kijiji hadi kijiji bila kukuta kanisa lililovuliwa paa. Imani yake haikuwa ngumu kuieleza. Watu walijua kujenga makanisa mwaka 1290. Kabla ya hapo walikuwa bado hawajastaarabika, na baada ya hapo wakaanza kuharibika. Bahati mbaya, wajenzi wa Orlingcombe hawakupewa taarifa. Wao walijenga kidogo kidogo, kila kizazi na kipande chake: tao nene la mlango lenye nakshi za meno meno lililowekwa na Wanormani waliotoka Ufaransa zamani sana, madirisha mapana ya upande wa kusini, sadaka ya wafanyabiashara wa sufu, roshani ya waimbaji, na vile vizimba vya mbao ambamo kila familia ilijifungia Jumapili na mito yake, isionekane na mtu ila Mungu peke yake, naye kwa shida.

Kasisi Theophilus Wray, aliyekuwa na miaka miwili tu kijijini, alimfuata msanifu nyuma nyuma huku ameshika mikono yake kifuani. Makasisi wenzake wote wa jirani walikwisha kutengenezewa makanisa yao, na kila alipoalikwa kwao kunywa chai alirudi amenyongonyea.

"Tao hili litaondoka," Bwana Stallard alisema. "Ni la kale mno."

"Nilidhani tunataka vya kale," Kasisi alisema kwa unyenyekevu.

"Vya kale, naam. Siyo vya kale kiasi hiki. Na madirisha ya kusini yataondoka vilevile. Hayo ni mapya."

"Nasikia yana miaka mia nne."

"Ndiyo hivyo hasa," alisema Bwana Stallard. "Mapya."

Ilipofika Mei kanisa lilikuwa wazi kama kuku aliyenyonyolewa. Tao la Wanormani lilivunjwa likatandazwa barabarani kuziba mashimo ya magari ya farasi. Vizimba vya mbao vilinunuliwa na mkulima mmoja, akavifanya banda, na hadi leo kuna nguruwe wanaolala nyuma ya mlango wenye jina la familia ya jaji mmoja kwa herufi za dhahabu. Roshani ilishuka kwa siku moja. Bi Thirza alifagia asubuhi, akafagia mchana, akafagia jioni, na kila alipogeuka vumbi la karne nyingine lilikuwa limetua nyuma yake.

Kisha wakabandua mbao za ukuta wa kaskazini, karibu na madhabahu, na nyuma yake likaonekana dirisha.

Lilikuwa dirisha dogo, chini kabisa, usawa wa kiuno cha mtu, halina kioo, limefungwa kwa kibao cha mwaloni. Lakini kichwa chake kilichongwa tao la majani matatu, laini, lenye umbo la kupendeza hata mafundi walisimamisha nyundo zao wakalitazama. Bwana Stallard alipiga magoti vumbini na suruali yake ya kijivu.

"Kasisi," alisema kwa sauti ya mtu aliye kando ya kitanda cha mgonjwa. "Unajua hiki ni nini? Hili ni dirisha la wakoma."

Akaeleza. Zamani hizo wakoma hawakuruhusiwa kuingia kanisani. Walisimama nje mvuani na vikengele vyao shingoni, na padri akawapa mkate na divai kupitia tundu kama hili. Mwaka 1290, au 1291 kwa kuchelewa sana. Kasisi Wray alitoa kitambaa akajifuta macho. Kanisa la jirani yake lilikuwa na vigae vipya kutoka Staffordshire, lakini mkoma halikuwa naye hata mmoja.

"Samahani, bwana," Bi Thirza alisema. "Hilo ni la mume wangu."

Bwana Stallard aligeuka taratibu. "Mume wako alikuwa na ukoma?"

"Mume wangu alikuwa mwashi. Reuben. Yuko pale nje makaburini, chini ya mti wa myuu, mwaka wa kumi na mbili huu. Alilitoboa yeye kwa mikono yake, mwaka aliokufa Mfalme William, yapata miaka thelathini iliyopita. Naukumbuka kwa sababu ndio mwaka tuliooana."

"Na alilitoboa kwa ajili gani, mama?"

Hapo Bi Thirza alisita, kwa kuwa jibu lenyewe halikufaa kusemwa mbele ya kasisi. Enzi zile aliyehubiri Orlingcombe ni marehemu Dakta Pruett, mtu mwema aliyekuwa na kawaida ya kupindua chupa yake ya mchanga ya kupimia saa, na ikisha kumwagika akaipindua tena, na mara nyingine, akikuta dhambi iliyonona, mara ya tatu. Wapiga filimbi na mazeze walihamishiwa ukuta wa kaskazini kila kiangazi kwa sababu ya joto la roshani. Ng'ambo ya ukuta huo, hatua ishirini tu, ulikuwa mlango wa nyuma wa baa ya Kondoo Mweupe. Vichwa vikakutana kupanga jinsi mtungi wa bia utakavyopita ukutani. Mzee wa kanisa akaombwa ruhusa ya kutoboa dirisha la hewa, akaitoa bila kuuliza maswali, maana na yeye alikuwa akipiga filimbi.

"Kwa ajili ya hewa," alisema Bi Thirza.

Msanifu alitabasamu. "Mama, hewa haidai tao la majani matatu."

Na hapo alikuwa amesema kweli. Hewa haikudai, wala mtungi wa bia haukudai. Aliyedai ni Reuben. Mtu yule hakuweza kutoboa tundu la ovyo hata angelipwa kulifanya ovyo. Alipanda mnarani na uzi, akapima kidirisha cha kale cha chumba cha kengele, akashuka akachonga kingine kama kile, wiki tatu nzima, na mkewe mpya akiuliza nyumbani kama amemwoa yeye au ameoa ukuta.

Bi Thirza alichukua ndoo yake akatoka. Hakuenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja Kondoo Mweupe kumtafuta Jabez Pottle, aliyekuwa akipiga zeze kubwa na ambaye kwa miaka kumi na minne, hadi lilipofunikwa kwa mbao, alikaa jirani kabisa na lile tundu.

"Jabez," alisema, "hebu njoo ukawaambie habari za mtungi."

Mzee Jabez alichungulia ndani ya kikombe chake. Kilikuwa kimejaa, na ilikuwa saa nne asubuhi.

"Mtungi gani?"

"Mtungi gani! Mtungi uliokuwa ukiupokea kila Jumapili ukajifuta povu kwa kitambaa cha madhabahu!"

"Mimi nakumbuka kengele," alisema Jabez polepole. "Bibi yake bibi yangu alikuwa akisimulia. Wakoma, wanapita, kengele zinalia. Ling, ling. Nimemsimulia yule bwana wa London na ameandika kitabuni. Amenisifu. Amesema nina kumbukumbu adimu."

"Bibi yake bibi yako alikuwa mtu wa Bristol, Jabez Pottle! Hakuwahi kukanyaga hapa!"

"Basi zilisikika mbali," alisema Jabez, akanywa.

Ndivyo ilivyokuwa kijiji kizima. Watu waliokula uji wa shayiri uliopikwa siku Reuben alipomaliza kazi, watu waliompigia makofi, sasa walikuna vichwa. Huyu alikumbuka mgonjwa wa ukoma katika ukoo wa jirani yake. Yule alionyesha shambani kwake mahali wakoma walipokuwa wakipumzika, na ukikaa pale, alisema, bado unasikia baridi. Mwokaji mikate alianza kuoka biskuti zenye umbo la kengele. Mwenye Kondoo Mweupe alifikiria kubadilisha jina la baa, akaacha tu kwa sababu mkewe alisema hakuna atakayetaka kula mkate na jibini chini ya picha ya mkoma.

Mwezi wa Agosti walikuja wataalamu. Chama cha Mambo ya Kale cha wilaya kilifika kwa magari manne ya farasi, mabwana thelathini na mabibi kumi na moja, na miavuli, na vikapu vya mkate wa nyama ya njiwa. Mwenyekiti wao alikuwa Dakta Everard Molesey, mzee mwenye ndevu nyeupe na sauti ya upole, aliyekuwa ameandika vitabu vitatu juu ya mashimo katika kuta. Bwana Stallard alisimama kando ya dirisha akahutubia saa nzima. Aliwaonyesha mahali ambapo magoti ya wakoma yalikuwa yamelimong'onyoa jiwe upande wa nje. Bi Thirza alilijua jiwe lile vizuri. Ndipo mwenye baa alipokuwa akitua pipa lake.

Yeye mwenyewe alikuwa amesimama nyuma, katika gauni lake jeusi la Jumapili, na kofia ya mazishi. Bwana Stallard alipouliza kama kuna mwenye swali, akapita katikati ya miavuli mpaka mbele.

"Mimi sina swali," alisema. "Mimi nina habari."

Kasisi Wray alipata kikohozi. Lakini Bi Thirza alikwisha kuanza, na safari hii hakusema hewa. Alisema yote: chupa ya mchanga ya Dakta Pruett, joto, filimbi, mlango wa nyuma, mtungi. Alisema jina la mumewe mara nne, jina lake kamili. Alipomaliza, alisikika popo mmoja aliyebaki akijikuna.

Dakta Molesey alikuja mbele yake akavua kofia. Akatoa daftari.

"Mtungi, umesema. Wa udongo?"

"Wa udongo, wa kahawia. Mpini umekatika."

"Na aliyeupokea aliupokea kwa mkono mmoja au kwa miwili?"

"Kwa miwili. Ulikuwa mzito."

"Kwa miwili," aliandika yule mzee. "Na kabla ya kunywa, kulikuwa na maneno yaliyosemwa?"

"Walisema, 'Asante, Sam.'"

Dakta Molesey alifunga daftari, akawageukia wenzake, na machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Mabibi na mabwana, leo tumebahatika. Tumesikia kwa masikio yetu kumbukumbu iliyopita kinywa kwa kinywa miaka mia sita! Mama huyu mwema hajui anachokijua. Mtungi ni kikombe kitakatifu. Bia ni divai. Waliokuwa nje wamekuwa ndani, waliokuwa ndani wamekuwa nje, kama ilivyo kawaida ya simulizi za wanavijiji. Ile mikono miwili, mnaiona? Ni mikono ya mwenye kupokea sakramenti. Na Sam! Sam huyu ni nani, kama si Msamaria Mwema?"

Makofi yalipigwa hata vumbi likaanguka kutoka kwenye boriti mpya.

"Ni Samuel Tidcombe!" Bi Thirza alipaza sauti. "Alikuwa na baa!"

Hakuna aliyesikia. Bibi mmoja mwenye manyoya ya tausi kofiani alimkumbatia. Mwingine alimpa kipande cha mkate wa njiwa kilichofungwa kwenye leso. Bi Thirza alimshika Dakta Molesey mkono wa koti.

"Na mume wangu je?"

"Ah, Reuben," alisema mzee kwa upole mkubwa, kama mtu anayezungumza na mtoto aliyeamshwa usingizini. "Kila simulizi ina shujaa wake, mama. Reuben ni jina la Biblia. Sitashangaa kama katika simulizi ya asili alikuwa yeye mwenyewe mkoma."

Ripoti ya chama ilichapishwa majira ya baridi, na Kasisi Wray alimletea nakala yake, ukurasa umekunjwa pembe. Bi Thirza aliisoma karibu na moto, kidole chini ya mstari. Iliandikwa humo kwamba wakazi wa Orlingcombe wanasimulia habari za fundi wa kubuni aitwaye Reuben Gammage, ambaye bila shaka hakuwahi kuishi.

Alikaa na kitabu kile magotini muda mrefu. Mtu ambaye yeye alimfulia mashati kwa miaka kumi na tisa. Mtu aliyekoroma. Mtu aliyekuwa akiingia nyumbani mweupe kwa vumbi la chokaa toka kichwani hadi viatuni, akisimama mlangoni kungoja apigwe kwa brashi kabla ya kukaribishwa ndani. Bi Thirza alikuwa amempoteza mara moja, akadhani ni mara ya mwisho.

Kasisi bado alikuwa amesimama, akizungusha kofia yake mikononi.

"Bi Thirza," alisema, "mimi nakuamini."

"Kweli, Baba Kasisi?"

"Niliuona ule mpini wa mtungi. Mafundi waliukuta chini ya dirisha walipokuwa wakichimba msingi."

"Uko wapi?"

Kasisi Wray aligeuka rangi. "Bwana Stallard alisema ni wa chungu cha Warumi. Umepelekwa makumbusho." Akaizungusha tena kofia. "Tatizo ni kwamba Askofu anakuja Mei kuzindua kibao cha shaba. Ukweli wako... usingeweza kusubiri kidogo?"

"Mpaka lini?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Mpaka nihamishwe," alisema.

Askofu alikuja, akazindua, akala, akaondoka. Kibao kilisema Dirisha la Wakoma, mwaka 1290 hivi, na chini yake jina la Bwana Stallard kwa herufi kubwa kuliko za wakoma. Kufikia Agosti kibao kilikuwa kimeota ukungu wa kijani.

"Bi Thirza," alisema Kasisi, "kile kibao..."

"Nakiona, Baba."

"Si huwa unasugua shaba?"

"Nasugua vinara, nasugua kitasa cha mlango. Kibao kile ni mambo ya kitaalamu. Naogopa kukiharibu."

Kasisi aliondoka kwenda kutafuta kitambaa mwenyewe.

Oktoba ya mwaka huo mnara mpya, uliojengwa badala ya ule wa kale, ulianza kuvuja. Bwana Stallard alikuwa ameuchora kwa umbo la mwaka 1290 bila kasoro, na mvua nayo ikaingia kama ilivyokuwa ikiingia mwaka 1290. Fundi aliletwa kutoka mjini kuutazama, mwashi wa makamo aitwaye Seth Burridge, mwenye mabega mapana na ndevu zilizonyolewa ovyo. Alitua mfuko wake wa zana sakafuni, akaanza kutafuta pa kuegesha ngazi, akapita karibu na lile dirisha. Akasimama. Hakusoma kibao. Alipiga goti moja, akaingiza mkono ndani ya tundu, akapitisha kidole gumba taratibu juu ya jiwe kama mtu anayepapasa shingo ya farasi.

"Nani alikata hili?" aliuliza.

"Wakoma," alisema Bi Thirza bila kuinua macho. Alikuwa akifuta mabenchi.

Fundi alicheka puani. "Basi wakoma hao walikuwa na tindo ya chuma cha Sheffield, upana wa vidole viwili. Tindo kama hiyo ilikuwa haijatengenezwa babu yangu akiwa mtoto. Halafu huyu mmoja alikuwa akitumia mkono wa kushoto."

Bi Thirza aliacha kufuta. Jambo hilo hakuwahi kumwambia msanifu, wala kasisi, wala Dakta Molesey na daftari lake. Hakuna aliyeuliza.

"Umejuaje?"

"Njoo utazame. Michirizi inavyolala. Mimi ningeipeleka hivi, huyu kaipeleka vile. Hapa tindo imemteleza, unaona? Akarudi akalisawazisha, lakini alikuwa na hasira bado, amekula jiwe zaidi ya ilivyohitajika. Hapa hasira imekwisha." Alitoa mkono, akapuliza vumbi kwenye vidole. "Kazi safi. Safi mno kwa tundu la chini kama hili. Alikuwa anamfanyia nani?"

"Aliteleza kwa sababu nilimwita," alisema Bi Thirza. "Niliingia kwa mlango ule, nikamwita kwa sauti, akashtuka. Hakusema nami mpaka jioni."

Seth Burridge alimtazama, akatazama dirisha, akamtazama tena. Kisha akavua kofia yake yenye vumbi, akauliza lilikuwa la nini hasa. Bi Thirza alichungulia mlangoni kuhakikisha hakuna mtu, akamweleza. Alipofika kwa Sam, fundi alicheka hata akagonga kichwa kwenye tao la majani matatu, na akiwa amejishika kichwa akaendelea kucheka.

"Jina lake nani?"

"Reuben Gammage."

"Reuben Gammage," alisema fundi. Akalirudia tena, kama afanyavyo mtu anayetaka jina limkae kichwani. Kisha akaegesha ngazi, akapanda kwenda kutafuta panapovuja.

Bi Thirza alikaa kwenye benchi jipya la Bwana Stallard, ambalo lilikuwa limetengenezwa ili mtu asisahau dhambi zake hata kidogo. Juu alisikia nyundo ikigonga jiwe, polepole, fundi akisikiliza palipo pabovu. Getini gari la farasi lilisimama. Wageni kutoka Bath, sita, na miavuli. Mmoja alisukuma mlango akatia kichwa ndani akauliza kwa heshima zote kama hapa ndipo penye lile dirisha maarufu la wakoma.

"Hapa ndipo," alisema Bi Thirza, "ila leo kanisa limefungwa." Akainuka, akaufunga mlango, akarudi kukaa.